Chupa Nyeusi Si Dawa ya Ngamia

Kaka yangu Halake,

Asalaam aleikum. Nakutangulizia salamu na heshima zote anazostahili mkubwa wangu, kwa sababu nikishaanza kusema yaliyo moyoni sijui ni heshima gani itabaki. U mzima? Ule mguu uliochomwa na mwiba umepona? Mvua imefika Biliqo, au bado mnayatazama mawingu yakipita kwenda kunyeshea wengine? Na ngamia wana hali gani, hasa yule ndama mwenye upele? Nauliza habari za ndama kwa makusudi, na unajua kwa nini. Mimi huku Uingereza ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi imenipasua midomo na wewe umenipasua kichwa.

Najua utashangaa kuona karatasi. Ujumbe wa sauti nimekutumia mara ngapi? Unasikiliza mwanzo tu, unajibu "sawa sawa", halafu unafanya unavyotaka. Ujumbe wa kuandika husomi kwa sababu kioo cha simu yako kimepasuka tangu mwaka juzi na unangoja kijiponye. Basi nimeandika barua, na nimeifunga kwa mpira kwenye chupa yenyewe ili usiweze kushika moja bila nyingine. Anayeileta ni Mama Jillo wa Bulla Pesa, aliyekuja huku kumwangalia binti yake aliyejifungua, na sasa anarudi Isiolo. Nimemwambia kama uko Biliqo aende kwa Mama ampe Talaso, mke wako, ambaye akili yake naiamini kuliko yako. Talaso, kama ni wewe unayesoma, endelea tu, maneno makali yaliyomo humu si yako.

Tuanze na simu yako ya ile Ijumaa. Nilikuwa natoka kazini, natafuta funguo mkobani, ikalia. Nikajua uko juu ya kile kilima mnachopanda kutafuta netiwaki, maana upepo ulikuwa unaongea kuliko wewe.

"Kabale, hii dawa yako haifanyi kazi," ukasema, hata salamu hakuna.

"Dawa gani?"

"Hiyo nyeusi. Ya chupa. Nimepaka ndama yote, shingo mpaka mkia. Mama yake imekuja imeramba. Ingine imekuja imeramba. Saa hii ngamia kumi na tatu inaramba ndama moja, ndama inalia, na upele iko palepale."

Nilikaa chini kwenye ngazi za jengo, watu wakanipita. Nikakuuliza umepaka kiasi gani.

"Yote," ukasema. "Dawa si inapakwa yote?"

"Halake, hicho kilikuwa chakula. Chakula cha Mama."

Upepo ukapiga, halafu badala ya kuomba msamaha ukaniuliza, "Chakula gani inanuka hivyo?" Nikakuambia kwenye kibandiko kuna picha ya mkate. Nikakuuliza umeona wapi dawa ya ngamia yenye picha ya mkate. Ukanijibu, bila aibu hata kidogo, "Hiyo ya mkate nilifikiri ni matangazo tu."

Nikubali kosa langu, nisije nikaitwa dhalimu. Uliniomba dawa ya upele, nikasema insha'Allah nitatafuta. Miezi miwili baadaye ikafika chupa nyeusi, nzito, imeviringishwa ndani ya soksi, ina kitu kinachonata na kunuka kama kilichoungua. Nilikuwa nimeandika "kwa Mama" kwenye mfuko wa nje, na mfuko ulichanika njiani. Mtu aliyelelewa akipaka ngamia oili chafu ya lori angefikiri nini? Hata baba, Mungu amrehemu, pengine angeipaka. Ila baba angepaka kidogo kwanza kwenye goti, angoje siku mbili aone. Wewe ulimaliza chupa.

Na ulinichekesha, sikatai. Ngamia walivyo na uchu wa chumvi, umempaka mtoto wao chumvi tupu halafu unashangaa wanamramba. Talaso ananiambia ngamia mkubwa bado anakufuata akinusa mikono yako. Vizuri, akufuate.

Sasa nikuambie kwa nini nililia kwenye zile ngazi, maana uliniuliza na sikukujibu. Sikulilia chupa. Chupa ziko dukani. Nilikuwa namlilia Mama, na nilikuwa nimechoka na wewe unayeniambia kila wiki, "Mama yuko sawa."

Mama hayuko sawa, Halake. Tangu ile homa ya baada ya Idd hajui ladha ya kitu. Unashuka mjini siku mbili, unamkuta amejitanda vizuri, amekaa kwenye mkeka wake anakuuliza habari za malisho, unarudi porini ukifikiri umemwona. Mimi niko mbali zaidi yako lakini Talaso hunitumia picha. Ile bangili ya fedha ambayo zamani hakuweza kuivua bila sabuni, sasa akiinua mkono inateleza mpaka kwenye kiwiko. Anakunywa chai vikombe viwili kwa siku na kusema ameshiba. Akiwekewa nyama anaigeuza, anawapa watoto. Anasema kila kitu ni kama karatasi iliyolowa. Daktari alimwambia Talaso kwamba ladha huenda ikarudi na huenda isirudi, cha muhimu ni ale. Mtu atakulaje karatasi?

Na umesahau Mama alikuwa nani. Miaka yote ile hakuna maziwa ya ngamia yaliyoingia Isiolo kutoka Biliqo au Garbatulla bila kupita kwenye kidole chake. Tulipokuwa wadogo tulisimama nyuma yake pale magari ya maziwa yanaposhusha, unakumbuka? Anafungua jerikeni, anachovya kidole kidogo, anaramba, anafumba macho. "Hii ya jana jioni." "Hii imewekwa maji." "Hii jerikeni haikufukizwa moshi, rudisha." Wanawake wote wanangoja, hakuna anayemimina mpaka aseme. Mimi niliona haya mbele ya rafiki zangu wa shule kwa sababu mama yangu analamba vidole sokoni. Leo ningetembea kwa miguu kutoka huku kumwona analamba hata kimoja.

Siku aliyopitisha jerikeni iliyochacha bila kujua, ikamiminwa pamoja na mengine na mzigo wote ukaharibika kabla haujafika Nairobi, hakuna mwanamke aliyemkaripia. Hilo ndilo lililomvunja. Walimwambia, "Hakuna neno, mama," kwa ile sauti ya kuongea na mgonjwa. Alichukua kiti chake akaenda nyumbani, na pale hajarudi tena. Hayo niliyajua kutoka kwa Talaso. Wewe uliniambia Mama anapumzika.

Kwa hiyo nisikilize sasa habari ya hiyo chupa.

Unajua kazi yangu ni ya kutunza wazee kwenye nyumba yao. Kuna mmoja anaitwa Bi Edna, ana miaka tisini na moja, alikuwa mpishi wa shule, na hakuna anayegombania kumhudumia kwa sababu ana ulimi mkali. Nilipoanza kazi nilipewa yeye, mgeni hupewa asiyetakiwa. Bi Edna alikuwa hali. Supu anasukuma, kuku anasukuma, anasema vyote havina ladha, na wenzangu wanaandika kwenye daftari "amekataa" na kuendelea na kazi. Kitu kimoja tu alikubali: mkate wa kuchoma uliokatwa vipande vyembamba, umepakwa siagi na hicho kitu cheusi cha hamira. Na hata hicho alikuwa na sharti. Hali mpaka mtu akae ale naye.

Nikamwambia kwetu pia mtu akila peke yake tunamwonea huruma. Akasema basi kaa, acha maneno.

Mara ya kwanza nilifikiri ni kama asali nyeusi. Nikachota kijiko kizima, Halake, kijiko kile cha chai, nikaweka mdomoni mbele yake kwa adabu. Umewahi kuramba chini ya sufuria ya mchuzi ulioungua? Basi weka na chumvi ya kisima juu yake. Macho yalinitoka machozi, masikio yakaziba, na kutema mbele ya mzee siwezi, Mama hakunilea hivyo. Nikameza. Bi Edna akanitazama akaniambia, "Hiyo si jemu, binti. Inapakwa kama unaionea uchungu kuimaliza." Halafu akacheka mpaka meno ya bandia yakasogea.

Wiki mbili nilikula hicho kitu kama adhabu. Nilikuwa nakwenda chumbani kwake nikiwa nimekasirika tangu koridoni. Na hawa watu wa huku wana kelele juu yake kana kwamba ni uchaguzi wa gavana, nusu ya wafanyakazi wanaipenda, nusu wanaondoka mezani ikifunguliwa, na kila mmoja anakufundisha. Siagi kwanza. Hapana, mkate uwe wa moto kwanza. Kisu kisirudi kwenye siagi. Mtu anaweza kukusomea sheria ishirini juu ya mkate mkavu, na huyohuyo hajui kupika chai.

Sijui ilikuwa siku gani. Nilikuwa kwangu, nimechoka, nina njaa, nimepika wali na ukanishinda, na nikajikuta natamani chumvi ile. Ndipo nikajua nimeshikwa. Nilikwenda dukani kununua yangu nikiificha chini ya mboga kwenye kikapu, kama mtu anayefanya jambo baya.

Na kabla hujapandwa na hasira, najua mtu atakuambia msikitini kwamba kitu hiki hutengenezwa kwa hamira ya viwanda vya pombe. Zipo za namna hiyo, ni kweli. Nilipoambiwa nilikuwa nimeshakula wiki sita, na nililia tena, huku nalia sana siku hizi. Nikaenda kwa imamu wa hapa, akaniambia niliyokula bila kujua nimwachie Mungu, na kuanzia leo nitafute yenye muhuri wa halali, nyingine niache. Nikamweleza Bi Edna kwamba sitaweza tena kula chupa yake. Akafikiri, akasema, "Kwa hivyo nimekuwa nakula mabaki ya bia kila asubuhi na hakuna aliyeniambia nifurahie?" Siku iliyofuata alimtuma mjukuu wake amletee ile yenye muhuri, na tangu hapo tunakula moja. Ile uliyompaka ndama ilikuwa na muhuri. Hii pia inao, nimeuzungushia kalamu nyekundu.

Sasa unaelewa. Niliona bibi wa miaka tisini na moja asiyesikia ladha ya kuku akisikia hiki. Nikasema kama kuna kitu duniani kitafika kwenye ulimi wa Mama, ni hiki. Nilimwambia Talaso, bila kumtajia chupa, ampeleke kwanza apimwe presha, akapimwa, hana. Nikanunua, nikaviringisha kwenye soksi, nikatuma, nikahesabu siku. Nikawa napiga simu na kuuliza kwa mbali, Mama amekula nini leo, ili anishangaze. Kumbe ndama ndiye aliyekuwa anashangazwa.

Baada ya simu yako nilianza kuandika barua nyingine, ya kuacha kazi nirudi nyumbani. Iko mkobani hadi sasa, imebaki sahihi tu. Bi Edna akaniona uso, akaniuliza kuna nini, nikamsimulia yote, ngamia kumi na tatu na ndama anayelia. Alicheka mpaka nikamwinua kwenye mto apate pumzi. Kisha akaninyooshea kidole kabatini. Kulikuwa na chupa mpya haijafunguliwa. "Mpelekee mama yako," akasema. "Na umwambie huyo kaka yako mama asile peke yake." Zawadi haturuhusiwi kupokea, nikaenda kwa msimamizi wetu kuandikisha. Akauliza zawadi ni nini, nikamwonyesha, akaguna, akasema hiyo si zawadi, chukua.

Kwa hiyo hii chupa uliyoshika ni ya Bi Edna. Fungua masikio.

Kwanza ni kidogo. Ncha ya kisu. Mkate uonekane bado, uwe kama umechafuka tu. Msinunue mkate wa sukari, utagombana nayo. Lakini mimi sidhani Mama ataanza na mkate, hajawahi kuupenda. Aanze na chapati yetu ya anjera, ikiwa ya moto kabisa inatoka kwenye kikaango, Talaso aipake samli iyeyuke, halafu aguse hiki kitu sehemu tatu nne, aisambaze kwa mgongo wa kijiko, aikunje. Mimi hula hivyo Jumapili na najifungia mlango. Nimejaribu pia kwenye yai la kuchemsha, ni tamu, chumvi usiweke. Kwenye pojo au maharagwe tia nusu kijiko cha chai mwishoni sufuria ikiwa imeshashuka, koroga, utafikiri kuna nyama. Siku baridi ikinishinda nakoroga kidogo kwenye kikombe cha maji ya moto na kunywa kama supu, Bi Edna humeza hivyo akiwa na mafua. Na nyirinyiri nilijaribu, ile nyama kavu uliyonitumia kwenye kopo, na nakuonya usithubutu, vyote viwili vinapigana na anayeumia ni wewe. Kwenye chai ya maziwa, hapana. Nimesema kwa sababu nakujua.

Kwa ugali ndiyo

Nimerudi kwenye barua hii siku mbili baadaye. Niliiacha hapo juu katikati ya ugali kwa sababu muda wa kazi ulifika, na nilidhani nitaimalizia kwa hasira zilezile. Sasa sijui niiandikeje.

Leo wakati wa mapumziko nilifungua simu nikakuta Talaso amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nilifikiri ni msiba. Mtu hazungumzi dakika nne kwa jambo zuri. Nikaingia chumba cha mashuka nikafunga mlango.

Talaso anaongea mbio, mbuzi wanalia nyuma yake. Anasema ulimrudishia ile chupa tupu kwa gari la maziwa, ukamwambia aiweke chumvi ndani. Hukumwambia ilikuwa chakula, Halake. Hukumwambia kitu, na mimi pia nilikuwa sijamwambia. Yeye anajua ni ya dawa ya ngamia. Akaitumbukiza kwenye karai pamoja na vyombo vingine, na unajua Mama hakubali kukaa bure, kuosha vyombo ndiyo kazi aliyobaki nayo. Na Mama hatumii macho kujua chombo kimetakata. Anapitisha kidole kidogo kwenye mdomo wa chombo, anaramba. Hata hizi siku ambazo haonji kitu, kidole kinakwenda chenyewe, kimezoea.

"Ametema," Talaso anasema. "Wallahi Kabale, ametema mpaka mlangoni. Mimi nimeanza kupiga kelele, nimesema nimeua mama ya watu na dawa ya upele. Nimeleta maji anawe mdomo. Yeye anasukuma mkono yangu. Ananiangalia. Ananiuliza, 'Nani ameunguza hii?'"

Nikasimamisha ujumbe hapo. Nikavuta pumzi, nikauendeleza.

Anasema Mama aliichukua chupa akatia kidole tena, kwenye ile pembe ya chini ambayo wewe hukufika. Akafumba macho. Akasema, "Chumvi imezidi. Na imeungua. Halafu nyuma iko chungu kidogo, kama maziwa ya ngamia imekula ile miti ya kiangazi." Talaso akamwambia, mama, hiyo ni dawa, tafadhali. Mama akamjibu, "Dawa ya nani? Hii ni kitu ya kula, imeharibiwa na mtu hajui moto. Lete anjera."

Aliifuta chupa yote kwa anjera, ndani, akaila. Moja nzima, Talaso anasema, na nyingine akaimega kidogo. Kisha akaomba chai akitumaini, akainywa, akasema chai bado ni maji. Hapo sauti ya Talaso ilishuka kidogo. Lakini akaongeza kwamba jioni Mama aliuliza kama kuna chupa nyingine ya hiyo takataka.

Nimesikiliza ujumbe ule mara tatu nimesimama katikati ya mashuka. Halake, mimi nilijitayarisha kusikia kwamba amekula, siku moja, mahali fulani. Sikujitayarisha kusikia analalamika. "Nani ameunguza hii?" Ile ni sauti yake ya pale magari ya maziwa, kitu kilekile, na sikujua kama nitaisikia tena nikiwa hai. Nilifurahi mpaka nikakasirika, kwa sababu wewe ungemaliza chupa vizuri zaidi, ungefika ile pembe ya chini, na haya yote yasingekuwapo. Sijui nikushukuru kwa uvivu wako au nikupige.

Bi Edna nilimwambia ametema. Akasema, "Vizuri, na mimi nilitema," akaendelea na mkate wake.

Sasa sitaki kujidanganya. Ni kitu kimoja tu anachokisikia, na pengine kitabaki kimoja. Barua ya kuacha kazi sijaichana. Nimeirudisha mkobani, nitaitazama tena baada ya mwezi, na nitataka picha ya ile bangili kila Ijumaa. Bangili ikimbana mkono tena kama zamani, barua nitaichana. Usiniambie tena Mama yuko sawa. Niambie amekula nini.

Na jambo la pili. Dawa halisi ya upele nimeitafuta, nimeipata, imo kwenye mfuko wa bluu aliobeba Mama Jillo. Nimeandika juu yake kwa kalamu nyekundu, NGAMIA. Kwenye chupa nimeandika MAMA. Ni maneno mawili tu, Halake, nakuomba uyasome yote mawili.

Msalimie shangazi yetu wa Garbatulla aliyenisuka nywele siku ya safari, mwambie bado namkumbuka kila nikijikuna kichwa. Msalimie mjomba mchinjaji, na mumewe Mama Jillo aliyekubali kukaa bila mke miezi mitatu kwa ajili ya mjukuu. Wabusu watoto wako wote, na yule mdogo mwambie viatu vinakuja. Talaso namsalimu peke yake, kwa mikono miwili, na namwomba asiache kunitumia sauti zake hata kama ni ndefu. Wanawake wa maziwa wasalimie pia, na kama watauliza kuhusu Mama, waambie ameanza kutukana wapishi.

La mwisho, na hili ni sharti la Bi Edna, si langu. Shuka kutoka Biliqo. Ngamia mwachie mtu siku tatu, hawatakufa, wana ndama wa kuramba. Kaa chini kwenye mkeka pamoja na Mama, chukua anjera, paka kidogo, ule mbele yake. Utaichukia. Ile ni kama nilivyokuambia, sufuria iliyoungua na chumvi ya kisima. Meza hivyohivyo, usiteme, na usimfiche uso wako unavyokunjana. Akikucheka, nipigie saa hiyohiyo, hata kama niko kazini, uiache simu wazi pale kwenye mkeka.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hasira nawe na asiyeweza kukuchukia,

Kabale